Hawa Mohamed Alishindwa, Kanuni Ikabaki: Jinsi Hukumu za Jana Zinavyoamua Mashauri ya Leo

Mada kwa semina ya mahakimu wa mahakama za mwanzo, mawakili wanaoanza kazi na wasaidizi wa kisheria



Bi. Hawa Mohamed alidai sehemu ya nyumba baada ya ndoa yake na Bwana Ally Sefu kuvunjwa. Mahakama ya Mwanzo ilimjibu kwamba hana chake: yeye alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Hakukubali. Alipanda ngazi hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na mwaka 1983 jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali likasikiliza rufaa yake, likaitupa. Akaondoka mikono mitupu.

Pamoja na hayo, mwanamke yeyote wa Tanzania Bara anayesimama leo mbele ya hakimu na kudai fungu lake kwa sababu alipika, alifua, alilea na kuuguza, anaegemea kesi hiyo. Bwana Ally Sefu alibaki na nyumba. Wanawake wakabaki na kanuni.

Nimeanzia hapo kwa sababu mara nyingi mada hii hufundishwa kama orodha ya kukariri: mahakama ipi inaifunga ipi, Kilatini kidogo, basi. Orodha ni ya lazima, nami nitaipitia upesi. Kazi ngumu iko kwingine, kwenye kuisoma hukumu na kutambua ni sehemu gani yake inayowafunga wengine. Msimamo wangu ni kwamba kinachofunga ni sababu iliyobeba uamuzi. Jina la aliyeshinda, kiasi alichopewa, hata maneno matamu ya jaji, hayamfungi mtu.

Kilichoamuliwa mwaka 1983

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizochumwa wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja za wanandoa. Katika kugawa huko, mahakama inatakiwa kutazama mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Sheria haikusema kama kazi za nyumbani zimo.

Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wapo walioona kwamba mke anayepika na kulea anatimiza wajibu wa ndoa na hakuna zaidi; mchango unaohesabika ni ule ulioingia kwenye tofali na bati. Wengine waliona kwamba mume hawezi kwenda kazini akarudi na mshahara na kuweka akiba kama hakuna aliyeshika nyumba. Sheria ilikuwa moja, kifungu kimoja, na wanawake wawili wenye maisha yanayofanana wangeweza kupata majibu yanayopingana, kutegemea tu faili limepangiwa jaji gani.

Hali ya namna hiyo ndiyo hasa iliyozaa utaratibu wa kufuata maamuzi ya awali. Mahakama ya Rufani ilirudi kwenye chanzo na kuuliza: Bunge lilipotunga sheria ya 1971 lilikuwa linatibu tatizo gani? Jibu lake lilikuwa kwamba tatizo ni dhuluma na unyonyaji waliofanyiwa wanawake walioolewa na waume zao. Kama hilo ndilo lililokusudiwa kuondolewa, basi juhudi za pamoja na kazi zinazotajwa kwenye kifungu cha 114 lazima zisomwe kwa upana unaoliondoa. Kazi za nyumbani, za mke au za mume, ni mchango katika kupatikana kwa mali.

Kisha mahakama ikageukia ukweli wa shauri lenyewe. Ilionekana kwamba mume alikuwa amempa mkewe fedha kwa ajili ya maendeleo ya familia, naye akazitapanya. Mahakama ikazihesabu kama fungu lake alilokwisha kulichukua mapema. Kanuni ikasimama, rufaa ikaanguka.

Hapa wakili mjanja wa upande wa mume anaweza kuinuka na kusema: “Mheshimiwa, kwa kuwa Hawa Mohamed alishindwa, yale yote yaliyosemwa kuhusu kazi za nyumbani yalikuwa maneno ya kupita. Hayakuhitajika ili kufikia uamuzi, kwa hiyo hayakufungi.” Hoja hii tusiipuuze. Imejengwa juu ya tofauti ya kweli iliyopo kati ya sababu ya uamuzi na maneno ya kupita, na msikilizaji asiye makini anaweza kuimeza yote.

Ijaribuni kwa njia hii: ondoeni kanuni ya kazi za nyumbani kwenye hukumu ile, kisha muone kama kilichobaki kinasimama. Hakisimami. Ili mahakama iseme kwamba mke alikwisha kupokea fungu lake mapema, ni lazima kwanza awe na fungu. Asiyestahili kitu hawezi kulipwa kabla ya wakati. Na fungu lile lisingepatikana pengine ila kwenye kazi zake za nyumbani, kwa sababu hilo ndilo swali lililoletwa mbele ya majaji na lililobishaniwa. Kanuni ile ni daraja ambalo majaji walilazimika kulivuka kabla ya kufika kwenye fedha zilizotapanywa. Kwa hiyo inafunga.

Kosa la upande wa pili nalo hulisikia mara kwa mara, na hili hutoka kwa sisi tunaowatetea wanawake: “Kwa mujibu wa Hawa Mohamed, mke wa nyumbani anapata nusu.” Hukumu haisemi hivyo mahali popote. Ilisema kazi za nyumbani zinahesabika. Haikusema zinahesabika kwa kiasi gani. Miaka mingi baadaye, katika shauri la Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassan Malongo, rufaa ya mwaka 2018, Mahakama ya Rufani ilikumbusha kwamba kiwango cha mchango ni suala la ushahidi. Anayetaka nusu aonyeshe kwa nini ni nusu. Msaidizi wa kisheria anayempeleka mama mahakamani na jina la kesi peke yake, bila kumwandaa aeleze aliamka saa ngapi, alilima wapi, aliuza nini na ada ya shule ilitoka wapi, amemwacha nusu njia.

Ngazi ya mahakama

Kwa Tanzania Bara ngazi inajulikana: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Uamuzi wa aliye juu unamfunga aliye chini. Mahakama ya Rufani tuliyo nayo ilianzishwa mwaka 1979, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kuiondoa ile Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliyokuwa ikihudumia nchi zote tatu. Ndiyo maana mtaona hukumu za zamani za mahakama ile, zikiwemo zilizotoka Nairobi na Kampala, bado zinatajwa mbele ya majaji wetu.

Sheria ya Uingereza nayo ina mlango wake. Tulirithi sheria ya mazoea na kanuni za usawa za huko kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za London za baada ya hapo zinaweza kumshawishi jaji wa Dodoma au Mbeya, lakini hazimfungi. Ukiona wakili analeta hukumu ya Uingereza ya mwaka 2010 na kuisoma kwa sauti ya amri, msikilizeni kwa adabu, halafu mumuulize Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesema nini juu ya jambo hilo hilo.

Je, Mahakama ya Rufani yenyewe inafungwa na hukumu zake? Hukumu ya kuikumbuka hapa ni ya mwaka 1988, Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania dhidi ya Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa. Mahakama ilifuata njia iliyokwisha kuonyeshwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1970 katika kesi ya Dodhia: kwa kawaida itafuata maamuzi yake, ila itakuwa huru kuyaacha pale inapoonekana kuwa haki kufanya hivyo. Uhuru huo ni wake peke yake. Kwa mahakama zote za chini, hukumu ile ilisema kwamba zinafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Rufani bila kujali kama maamuzi hayo ni sahihi au la.

Najua baadhi yenu mnaliona jambo hili gumu kulimeza. Hakimu anauona uamuzi wa juu umekosewa waziwazi, na bado anatakiwa aufuate? Ndiyo. Anaweza kuandika kwa heshima kwamba ana mashaka nao na kueleza kwa nini, lakini atoe uamuzi kwa kuufuata. Mdaawa akate rufaa, na waliouweka ndio wauondoe. Vinginevyo tutarudi kule ambako haki ya mtu ilitegemea faili limeangukia meza ya nani.

Shamba la Kagera

Kama kila uamuzi unafuatwa milele, sheria inawezaje kubadilika bila kungoja Bunge? Shauri la Bi. Holaria Pastory linajibu vizuri kuliko kitabu chochote cha kiada.

Bi. Holaria, Mhaya wa Wilaya ya Muleba mkoani Kagera, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Umri ulipomwendea, bila mtu wa kumtunza, aliliuza mwezi Agosti 1988 kwa Sh 300,000 kwa Bwana Gervazi Kaizilege, mtu asiye wa ukoo wao. Ndugu yake wa ukoo, Bwana Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kutaka mauzo yatanguliwe. Akashinda. Na kwa sheria kama ilivyosomeka siku ile, mahakama ile haikuwa imeteleza: Kanuni ya 20 ya Sheria za Urithi, katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, ilisema mwanamke anaweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie katika uhai wake, lakini asiiuze. Mwaka 1968, katika shauri la Verdiana Kyabuje, Mahakama Kuu ilikuwa imelitumia katazo hilo hilo. Hukumu za juu zilikuwa upande wa Bwana Bernardo.

Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikapindua. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji James Mwalusanya, naye Februari 1990 akakubaliana na Mahakama ya Wilaya.

Fuateni hatua zake moja moja, kwa sababu huu ni ufundi wa kazi. Hakusema hukumu za zamani zilikosewa. Alisema zilitolewa kabla ya kitu kipya kuingia. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988, miezi michache tu kabla ya Bi. Holaria kuuza shamba. Sheria ya mpito iliyotungwa sambamba na mabadiliko hayo, Na. 16 ya mwaka 1984, iliziagiza mahakama zizisome sheria zilizokuwapo kwa marekebisho yanayohitajika ili zilingane na Katiba. Katiba inakataza ubaguzi. Wakati huo ibara ya 13 haikuwa imeitaja jinsia kwa jina (iliongezwa baadaye, mwaka 2000), kwa hiyo jaji aliegemea pia mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania iliridhia, ukiwemo ule wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Akahitimisha kwamba Kanuni ya 20 isomwe upya: wanaume na wanawake wa ukoo wana haki sawa ya kuuza, kwa masharti yale yale, na haki ya ukoo kulikomboa shamba kwa kurudisha bei ikabaki pale pale.

Hiyo ndiyo kazi ya kutofautisha. Jaji anayetofautisha haivunji hukumu ya awali. Anaonyesha kwamba swali lililo mbele yake si lile lililojibiwa zamani, kwa sababu ukweli wa jambo au sheria yenyewe imebadilika. Tofauti hiyo lazima iwe ya maana. Hakimu akisema hukumu fulani haimhusu kwa kuwa ile ilikuwa ya shamba la migomba na hili ni la kahawa, hajatofautisha, amekwepa. Mwalusanya alikuwa na Katiba iliyobadilishwa mkononi.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zikatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuhamisha ardhi ni sawa na ya mwanamume. Wakati sheria hizo zinaandikwa, hukumu ya Mwanza ilikuwa na miaka tisa.

Hukumu zinapovuka mpaka

Jaji huyo huyo alitoa hukumu nyingine mwaka 1994 katika kesi ya Mbushuu, akitamka kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka uliofuata. Ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, lakini ikasema Katiba yenyewe, kwa ibara ya 30, inairuhusu adhabu hiyo kwa maslahi ya umma. Mwezi Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipokaa juu ya swali hilo katika kesi ya Makwanyane, hukumu hiyo ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikuwa mezani mwao. Waliisoma, wakaijadili, wakachukua njia nyingine na kuifuta adhabu hiyo. Hukumu isiyofunga inaweza kufanya kazi kubwa kwa kusomwa tu.

Majirani zetu wa Kenya wana somo juu ya mali za ndoa ambalo sisi wa Bara tunapaswa kulitazama kwa unyenyekevu, maana sheria yetu ya 1971 ilichota sana kwenye ripoti ya tume ya Kenya ya miaka ya 1960 ambayo Bunge la Kenya lenyewe liliikataa. Wakenya wakabaki wanatumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali za wanawake walioolewa. Mwaka 1991, katika kesi ya Kivuitu, Mahakama yao ya Rufani iliutambua mchango wa mke usiokuwa wa fedha. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, jopo la majaji watano la mahakama hiyo hiyo likaachana na njia hiyo, likifuata hukumu za Baraza la Malodi la Uingereza zilizotolewa karibu miaka arobaini nyuma, na likasema kulifuta tatizo hilo ni kazi ya Bunge. Ilibidi waje na Katiba ya 2010, kisha Sheria ya Mali za Ndoa ya mwaka 2013, ndipo kazi za nyumbani na malezi zikaandikwa kwenye sheria kuwa mchango. Mwanamke aliyeachika Mombasa mwaka 2008 na aliyeachika Tanga mwaka huo huo, wote wakizungumza Kiswahili kile kile na kupika pilau ile ile, walikuwa na haki tofauti kwa sababu ya hukumu mbili.

Mfano wa pili wa Kenya ni wa tahadhari. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, katika shauri la Francis Muruatetu, kwamba ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji bila kumpa nafasi ya kusikiliza maombi ya kupunguziwa adhabu. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Kilichoondolewa ni ulazima wake. Ibara ya 163 ya Katiba yao inazifunga mahakama nyingine zote kwa maamuzi ya Mahakama ya Juu, kwa hiyo mahakama za chini zikaipokea hukumu hiyo kwa mikono miwili. Zikaipokea kupita kiasi. Wafungwa waliohukumiwa kwa unyang’anyi wa kutumia nguvu wakaomba adhabu zao zitazamwe upya, wakakubaliwa. Wakafuata waliofungwa chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, wakidai kwamba vifungo vya chini vilivyowekwa na sheria navyo ni vya lazima, kwa hiyo navyo vimeanguka. Baadhi ya mahakama zikakubali.

Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ilirudi na maelekezo: uamuzi wa Muruatetu ulihusu kosa la mauaji chini ya kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, basi. Anayetaka kupinga adhabu za makosa mengine alete shauri lake, lisikilizwe kwa hoja zake. Na mwaka 2024 mahakama hiyo ikathibitisha kwamba vifungo vya chini vya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana bado vina nguvu.

Siwalaumu sana mahakimu wa Kenya. Ukiisoma hukumu ya 2017 kwa haraka, ubaya wa adhabu ya lazima umeelezwa kwa maneno mapana yanayoweza kubeba kosa lolote. Lakini sababu inayofunga hupimwa kwa swali lililoulizwa, na swali lilikuwa moja. Katika miaka ile mitatu na nusu kuna watu waliopunguziwa vifungo, na kuna watoto waliobakwa ambao familia zao ziliona aliyewadhuru akitoka mapema. Kusoma vibaya hukumu ya juu kuna watu wanaolipa.

Mahali ambapo hukumu huishia

Nisiwape picha kwamba hukumu nzuri ikitoka basi kila kitu kinanyooka. Mwaka 2005 wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walifungua shauri Mahakama Kuu kupinga kanuni za urithi zilizomo kwenye lile lile Tangazo Na. 436. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita tangu Holaria. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta, ikihofia kwamba ikigusa mila moja itabidi iguse za makabila yote. Rufaa yao ikaondolewa mwaka 2010 kwa dosari ya nyaraka, bila hoja yenyewe kusikilizwa. Walikwenda hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba haki zao zimevunjwa.

Mimi naiona hukumu ya 2006 kuwa dhaifu. Mahakama ikishakiri kwamba kanuni inabagua, na Katiba inakataza ubaguzi, hofu ya wingi wa kazi itakayofuata haitoshi kuwa sababu. Holaria ilikuwa imeonyesha njia ndogo na salama ya kuisoma kanuni upya bila kuibomoa nyumba nzima. Lakini hukumu ya jaji mmoja wa Mahakama Kuu haimfungi jaji mwenzake. Inamshawishi tu, na aliyeshawishika kidogo ataipita. Ndiyo tofauti kati ya Holaria na Hawa Mohamed. Hawa Mohamed ilitoka juu kabisa, hakuna mahakama ya chini inayoweza kuipita.

Hata ya juu kabisa nayo ina mpaka wake. Katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani Oktoba 2019, ziliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka huo ulipita bila marekebisho. Mahakama inaweza kutamka. Kalamu ya kuandika kifungu kipya iko bungeni.

Kwenye meza ya hakimu

Kwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo tatizo la kwanza mara nyingi ni kuipata hukumu yenyewe. Siku hizi nyingi zinapatikana bure mtandaoni kwenye TanzLII, na simu yenye vocha inatosha. Tatizo la pili ni lugha. Mahakama ya Mwanzo inaendesha kazi zake kwa Kiswahili, ilhali hukumu nyingi zinazoifunga ziliandikwa kwa Kiingereza. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na hukumu za Kiswahili za mahakama za juu zimeanza kuonekana, ila zile za miaka ya nyuma zimebaki kama zilivyo. Wenye uwezo kati yenu waanze kuzifupisha kwa Kiswahili: ukweli wa shauri, swali lililoulizwa, jibu, na sababu. Ukurasa mmoja kwa kila kesi unatosha, na masijala yoyote inaweza kuzitunza.

Mnapoitaja kesi kwenye hukumu, msiishie kwenye jina. Hukumu inayosema “kama ilivyoamuliwa katika Hawa Mohamed” halafu ikaruka moja kwa moja hadi kwenye mgawo, imeacha katikati kazi yote ya hakimu. Sema kanuni ni ipi, sema ukweli uliothibitishwa mbele yako ni upi, kisha onyesha vinapokutana. Mahakama ya rufaa ikiyaona hayo, hata ikitofautiana nawe juu ya kiasi, itajua ulikofikia na ulivyofika.

Kwa kazi ya vikundi, nimeandaa shauri la kubuni. Mwanamke ameishi na mumewe kwa miaka 14. Mume ni dereva wa lori, husafiri wiki tatu kila mwezi. Mke amelea watoto wanne na kumuuguza mama mkwe mpaka alipofariki, na katika miaka mitano ya mwisho alikuwa mama lishe stendi. Nyumba ina jina la mume. Kiwanja alikinunua mwaka mmoja kabla ya ndoa, na ujenzi ulifanyika ndani ya ndoa. Mume anathibitisha kwamba alimpa mkewe Sh 3,000,000 za mtaji. Mke anasema mtaji uliliwa na ugonjwa wa mama mkwe, na analeta risiti za hospitali za kiasi kinachokaribia nusu ya fedha hizo.

Kundi la kwanza liandike hoja za mume, la pili za mke, la tatu liandike hukumu. Kundi la tatu lisianze na mgawo. Lianze na swali hili: fedha za mtaji zilizotumika kumuuguza mama wa mume, je, zimetapanywa kwa maana iliyomwangusha Hawa Mohamed, au hapa kuna tofauti ya maana? Na kiwanja kilichonunuliwa kabla ya ndoa kinaingia vipi kwenye kifungu cha 114? Mna dakika 40.